Namna ya Kukagua Barua ya Mkono ya Amelia Earhart Kabla ya Kuinunua

Barua zenye jina la Amelia Earhart, rubani mwanamke wa Marekani, huonekana mnadani mara kwa mara, lakini nyingi kati yake zilipigwa taipu naye akatia saini tu. Iliyoandikwa yote kwa mkono wake ni adimu zaidi na bei yake hupanda vivyo hivyo, jambo ambalo waghushi wanalijua vizuri. Mimi hununua na kuuza nyaraka za kale, na utaratibu ufuatao ndio ninaoufuata kabla ya kutoa fedha.

Hatua ya kwanza ni kuiacha saini kando. Mghushi humaliza ustadi wake wote kwenye saini, kisha hujisahau kwenye mambo madogo. Kwa hiyo anza na tarehe na mahali, uvilinganishe na maisha yake. Hadi 1928, alipovuka Atlantiki kwa ndege akiwa abiria, alikuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii katika Denison House, Boston. Aliolewa na George Putnam tarehe 7 Februari 1931 lakini akaendelea kutumia jina lake mwenyewe kazini. Mei 20 na 21, 1932 alivuka bahari hiyo peke yake, kutoka Harbour Grace, Newfoundland, hadi malishoni huko Culmore, Ireland ya Kaskazini, na tarehe 2 Julai 1937 alitoweka baada ya kuondoka Lae, New Guinea. Barua ya kazi yenye saini ya "Amelia Putnam" inahitaji maelezo ya kutosha. Inayodai kuandikwa New York katikati ya Juni 1937 haina haja ya kujadiliwa, kwani siku hizo alikuwa njiani kupitia Khartoum na Massawa, katika safari yake ya mwisho ya kujaribu kuizunguka dunia kwa ndege.

Hatua ya pili ni bahasha, ikiwa ipo. Hakikisha muhuri wa posta unaafikiana na tarehe ya barua, kisha hesabu thamani ya stempu. Nchini Marekani, barua ya kawaida ya kwenda mji mwingine ililipiwa senti 2 hadi tarehe 5 Julai 1932, na senti 3 kuanzia siku iliyofuata; hivyo barua ya Agosti mwaka huo ya kushukuru kwa pongezi, ikiwa na stempu ya senti 2 peke yake, huenda imevikwa bahasha isiyo yake. Barua halisi ndani ya bahasha ya kuazima si jambo geni katika biashara hii.

Hatua ya tatu huhitaji kioo cha kukuzia na taa ya urujuanimno, kama ile ya kukagulia noti. Wino wa kalamu ya kuchovya au ya kujaza hunywewa na nyuzi za karatasi, na hukolea pale mkono ulipotulia. Nakala ya mashine ya uchapaji huonyesha vitone au weusi ulio sawa kila mahali. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nililipia picha yenye saini iliyochapwa, kwa sababu tu niliona uvivu kuitoa kwenye fremu. Bolpeni zilianza kuuzwa Marekani 1945, kwa hiyo alama yake yoyote katika maandishi yenyewe humaliza mjadala. Karatasi ikimeremeta kwa weupe wa samawati chini ya taa, ina kemikali za kung'arisha zilizoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Sasa rudi kwenye mwandiko. Chuo Kikuu cha Purdue, Indiana, kinahifadhi karatasi zake, ikiwemo barua aliyompa Putnam siku ya ndoa yao akimtaka amwachie aende zake baada ya mwaka mmoja iwapo hawatapata furaha, na nyingi zinaonekana kwenye intaneti. Linganisha na maandishi ya miaka ileile, ukiangalia kasi kuliko umbo: anayeiga huenda polepole, na mistari yake hutetemeka au kukatika mahali pasipo sababu.

Mwulize muuzaji barua ilipitia mikono ya nani, akuonyeshe risiti au orodha za minada ya zamani, na uchunguze kama kuna alama ya maktaba iliyofutwa, kwani nyaraka huibwa. Katika bei, barua inayozungumzia injini, mafuta au hali ya hewa hustahili zaidi kuliko ya kukubali mwaliko wa chakula. Kumbuka kwamba nyumba ya mnada huongeza kamisheni ya mnunuzi, ambayo mara nyingi huzidi asilimia 20, na kabla ya kutaja dau lako, dai kwa maandishi haki ya kurudishiwa fedha zote iwapo barua itathibitika kuwa ya kughushi.