Difu ya Datsun 240Z ikianza kulia: ninavyoichunguza, kuishusha na kuirudisha

Mwezi uliopita ami alinipigia simu kabla ya magharibi. "Mwanangu, difu yalia tena. Hata nikivuka Daraja la Nyali na vioo nimevifunga, naisikia." Gari lake ni Datsun 240Z la 1972. Wazee wengi wa Mombasa hawalisahau umbo lile, maana 240Z ndiyo iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, ikashinda tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Mimi nalitengeneza hilo la ami mwaka wa sita sasa, hapa gereji kwangu Changamwe. Difu yake, yaani sanduku la gia la nyuma linalopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, nimeishusha mara mbili. Mara ya kwanza niliishusha bure, na kosa lile lilinila siku mbili nzima, ndiyo maana hatua ya kwanza hapa chini ni ndefu kuliko nyingine zote.

Difu yenyewe ni ile iitwayo R180, yaani krauni wili yake, ile gia kubwa ya ndani, ina kipenyo cha mm 180. Imeshikwa pembe tatu: mbele, chini ya pua yake, kuna mpira mmoja uliokaa juu ya boriti ya chuma, nyuma kuna chuma kirefu kilichopinda ambacho sisi twakiita masharubu, kila ncha ina bushi yake. Juu ya pua umepita mkanda wa kuizuia isiruke. Shika picha hiyo kichwani.

Hatua ya 1: Jua kinacholia ni nini

Usilitie gari jeki bado. Liendeshe. Mimi huchukua barabara ya Dongo Kundu alfajiri, kwa sababu lami yake ni nzuri na malori ni machache saa hizo. Barabara mbovu haikwambii kitu, kila chuma kinasema. Funga redio, fungua vioo, kisha sikiliza mguu wako na sauti zinavyofuatana.

Mvumo unaokuja ukikanyaga mafuta na kunyamaza ukiachilia, au kinyume chake, ni meno ya krauni na ya pinioni, gia ndogo inayoizungusha krauni. Mngurumo usiojali mguu, unaopanda tu na mwendo, ni beringi. Sasa beringi ipi? Ya pinioni huzunguka haraka kuliko ya gurudumu. Kwenye difu ya ami, ambayo hesabu yake ni 3.9, pinioni yazunguka karibu mara nne gurudumu likizunguka mara moja, kwa hiyo sauti yake ni nyembamba na ya haraka. Ya gurudumu ni nzito, na hubadilika ukiliyumbisha gari kidogo kushoto na kulia. Mlio wa kugongagonga unaosikika kwenye kona tu, mara nyingi ni gia ndogo za ndani ya kikombe cha difu.

Kisha kuna kishindo. Waachilia klachi, "gdu!" Waondoa mguu kwenye mafuta, "gdu!" tena. Hapa ndipo nilipoangukia. Mara ile ya kwanza gari la ami lilikuwa na kishindo na mvumo pamoja, na mimi nikaamua papo hapo kwamba difu imekwisha. Nikaishusha, nikafungua kifuniko, nikapima nafasi ya meno, nikachungulia kila jino kwa tochi. Nzima kabisa. Nikairudisha, nikampa ami funguo, akazunguka mpaka Mikindani na kurudi. "Mwanangu, bado."

Ulikuwa ni mpira wa mbele. Nilikuwa nimeutazama kutoka chini mara mbili na kuuona mzima. Ukaguzi wa macho hapa hautoshi: difu ni nzito, na uzito wa pua yake unaubana mpira chini, kwa hiyo ukichanika mpasuko unajifunga wenyewe. Ukilala chini ya gari lililosimama utaona mpira mzuri tu. Lakini ukikanyaga mafuta, pinioni inataka kuikwea krauni, pua ya difu inanyanyuka, mpasuko unafunguka kama mdomo, na chuma kinagonga mkanda wa juu. Ndicho kishindo kile.

Na mvumo je? Hilo lilinichukua muda zaidi kulielewa. Kila difu ina sauti yake ya kawaida ambayo mpira huimeza. Pua ikishagusana chuma kwa chuma na bodi, sauti ile ya kawaida inapanda moja kwa moja hadi kwenye kiti cha dereva, na difu nzima kabisa itavuma kama mbovu.

Kwa hiyo fanya hivi. Gari likiwa kwenye stendi, weka kipande cha mbao juu ya jeki ya troli, kiguse pua ya difu kwa chini, kisha pandisha jeki polepole huku ukiangalia mpira kwa tochi. Mpira mzima utavutika kidogo na difu. Uliochanika utaachana, utaona mwanga katikati. Ni kazi ya dakika kumi. Usikubali mtu akwambie mlale chini huku mwenzako anaingiza gia na kuachilia klachi ili muone difu ikiruka. Nimeona watu wakifanya hivyo, na gari likiruka kwenye stendi huna pa kukimbilia.

Ukiwa bado hapo chini, shika propela shafti, ile fimbo itokayo giaboksi hadi kwenye difu, kwa mikono miwili uizungushe huku na huku. Krosi zake, yaani viungo vyake, zikicheza utazihisi kabla ya kuziona. Fanya vivyo hivyo kwa hafu shafti zote mbili, zile zitokazo difu kwenda kwenye magurudumu, kila moja ina krosi mbili. Sukuma ncha za masharubu kwa bomba uone bushi kama zimekufa. Hivi vyote hutoa kishindo kilekile, na vyote ni rahisi kuliko difu.

Jambo moja zaidi kuhusu mpira. Nilimtilia ami mpya, na baada ya miezi mitatu ukawa laini kama ubani uliotafunwa. Sikuwa nimejiuliza kwa nini ule wa kwanza ulichanika. Sili ya pinioni, ile pete inayozuia oili isitoke, ilikuwa ikivuja juu yake, na oili hula mpira. Sili nayo ilivuja kwa sababu tundu la kupumulia la difu lilikuwa limeziba kwa matope na kutu. Difu ikipata moto hewa inatanuka, inakosa pa kutokea, inaisukuma oili nje kupitia sili. Safisha tundu hilo kwanza kabisa, badilisha sili, ndipo utie mpira. Ukibadilisha mpira peke yake umenunua miezi mitatu.

Na usitie kipande cha chuma kigumu mahali pa mpira, hata kama utaambiwa magari ya mashindano hufanya hivyo. Gari la barabarani litavuma kichwani mwako kila siku.

Hatua ya 2: Oili itakwambia

Fungua nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Siku zote. Hewa ya chumvi ya hapa hukamata nati hizi, na ukishamwaga oili kisha ukashindwa kufungua ya juu, gari limelala.

Mwaga ikiwa na joto kidogo, kwenye beseni safi. Pitisha sumaku. Unga laini wa kijivu ni uzee wa kawaida. Ukipata chembe zinazochoma kidole, au vipande vyenye umbo, difu inajila. Gari la ami safari hii lilitoa oili chini ya nusu lita, na difu hii hubeba kama lita moja. Ile iliyopungua yote ilitokea kwenye sili niliyoacha ivuje muda mrefu mara ya kwanza. Ndani ya beseni mlikuwa na chembe za kumeta, na beringi ya mbele ya pinioni ndiyo hupungukiwa na oili mapema zaidi.

Tumia oili ya gia ya 80W-90, daraja la GL-5. Mtu akikuuzia gari kuukuu na oili ya difu ni nzito isiyo ya kawaida, ichuje kwa kitambaa: unga wa mbao ni ujanja wa zamani wa kunyamazisha difu mbovu.

Hatua ya 3: Kuishusha

Mimina mafuta ya kulegeza kutu kwenye nati za masharubu na za boriti siku mbili kabla, asubuhi na jioni. Usitumie moto wa gesi, tangi la petroli liko pale pale nyuma. Uani kwako kukiwa na mchanga, kama kwangu, kila stendi iwekee ubao mpana chini yake.

Tia alama ya rangi kwenye flanji (kisahani cha kuungia) ya propela na ya difu, ili zirudi zilivyokuwa. Fungua propela, hafu shafti, mkanda, kisha masharubu na boriti, jeki ikiwa tayari chini ya difu. Muwe wawili.

Hatua ya 4: Kuipima kabla ya kuifungua zaidi

Ondoa kifuniko cha nyuma tu. Bandika daili geji, ile saa ya kupimia vipande vya milimita, kwa sumaku, ncha yake iguse jino la krauni, shikilia pinioni isitembee, tikisa krauni uone nafasi ya meno. Pima sehemu nne kuzunguka. Kitabu cha gari lako ndicho kisemacho kipimo chako halisi, ila difu ya ukubwa huu huwa kati ya mm 0.10 na 0.20. Kipimo kikitofautiana sana upande mmoja na mwingine, krauni imepinda au haikukaa vizuri.

Kisha paka meno machache rangi ya mafuta ile ya wachoraji, nyepesi sana, ya manjano. Zungusha huku msaidizi akiizuia krauni kwa kipande cha mbao. Alama inatakiwa ikae katikati ya jino. Mimi huipiga picha kwa simu kabla ya kufungua chochote, kwa sababu baada ya kubadilisha beringi nataka alama ileile irudi.

Kwa ami, meno yalikuwa safi. Beringi ya mbele ya pinioni ilikuwa na mashimo madogo kama uso wenye ndui.

Hatua ya 5: Kutengeneza au kutafuta nyingine

Meno yakiwa mazima, tengeneza. Meno yakiwa yamekatika, tafuta nyingine. Krauni na pinioni ni jozi iliyosagwa pamoja, huchanganyi ya huku na ya kule.

Beringi hununuliwa kwa namba iliyopigwa ubavuni mwake. Nenda na ile kuukuu mkononi, ulinganishe namba na uzito. Zilizopigwa namba upya zipo sokoni, na huwa zimeng'arishwa kuliko beringi mpya za kweli. Badilisha zote, za pinioni na za pembeni. Washa (pete nyembamba ya chuma) ya nyuma ya kichwa cha pinioni irudi ileile, maana ndiyo ipangayo kina cha pinioni.

Kabla ya kugusa nati ya pinioni, jua difu yako ina pete laini inayobonyea au pete ngumu yenye washa za unene mbalimbali. Ile laini ikishabonywa kupita kiasi hairudi, watia mpya. Mkazo wa beringi naupima kwa mizani ya springi, ile ile ya kupimia samaki: zungushia flanji uzi, vuta kwa mizani, soma kilo wakati inazunguka, si wakati inaanza. Zidisha kwa nusu ya kipenyo cha flanji kwa sentimita, ulinganishe na kitabu. Fundi anayekaza nati kwa bunduki ya upepo na kusema "imekubali", chukua difu yako uondoke.

Ukilazimika kutafuta difu nyingine, utaambiwa difu ya Subaru yoyote inakaa. Si kweli. Impreza WRX STI ndiyo yenye R180, na hata hiyo yahitaji kuchongewa shafti za pembeni. Impreza za kawaida zina R160, ndogo zaidi. Hata za 240Z zenyewe si sawa: baada ya magari ya mwanzo Datsun waliisogeza difu nyuma, kwa hiyo boriti na masharubu ya mwaka mmoja huenda yasikae kwenye mwingine. Pima kwanza.

Na hesabu meno. 39 kwa 10 ni 3.9. 37 kwa 11 ni 3.36. Difu ikiwa bado garini, nyanyua gurudumu moja, lizungushe mara mbili kamili, hesabu mizunguko ya propela. Hesabu hiyo ikibadilika, mita ya mwendo nayo itakudanganya.

Hatua ya 6: Kuirudisha

Gasketi ya karatasi, niliyoikata mwenyewe. Silikoni nyingi huchuruzika ndani. Sili mpya, tundu la kupumulia safi, mpira mpya, mkanda usisahaulike. Nati za bushi kaza mwisho gari likiwa limekaa kwa magurudumu yake, si likiwa linaning'inia. Jaza oili mpaka ianze kutoka kwenye tundu la kujazia.

Ami nilimwomba asipite 80 kwa kilomita 500 za mwanzo. Juzi ametimiza, tukaimwaga oili ile: unga mwembamba wa kijivu tu kwenye sumaku, mpira mkavu. Nati ya masharubu upande wa kushoto ilikubali robo mzunguko. Nimeikaza na kuitia alama ya rangi nyeupe, nikamwambia arudi baada ya kilomita 1,000 tuiangalie alama hiyo.