Kabla ya Kushindilia: Kuchagua Kitambaa cha Kiraka cha Gobore

Mmiliki wa gobore, yaani bunduki ya kushindilia kupitia mdomo wa mtutu, katika wilaya kama Liwale, Nachingwea au Masasi huweza kueleza kwa kirefu habari za baruti na fataki, lakini akiulizwa ni kitambaa gani anachozungushia risasi kabla ya kuishindilia, mara nyingi hujibu kwamba hutumia chochote kilicho karibu. Kitambaa hicho, yaani kiraka, kinastahili kuchaguliwa mapema na kujaribiwa kabla mtu hajakihitaji kwa kazi yoyote. Jambo moja hutangulia yote: gobore ni silaha ya moto mbele ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, kwa hiyo asiye na leseni, au anayekusudia kuwinda bila kibali cha mamlaka ya wanyamapori, maelezo haya hayamhusu.

Risasi ya mviringo hutengenezwa ndogo kidogo kuliko tundu la mtutu ili iweze kusukumwa kwa mdeki, ile fimbo ya kushindilia, na kiraka hujaza nafasi inayobaki. Huzuia gesi ya baruti isipenye pembeni, na katika mtutu wenye mifereji ya mzunguko, kiraka ndicho kinachoshika mifereji na kuizungusha risasi, kwa kuwa risasi yenyewe haipaswi kugusa chuma. Magobore mengi ya zamani yana mtutu laini usio na mifereji, na humo pia kiraka kina kazi kubwa, nayo ni kuishikilia risasi ikae juu ya baruti bila kusogea mbele pale mtutu unapoinamishwa. Nafasi tupu ikibaki kati ya baruti na risasi, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka mbele ya uso wa mpigaji. Kwa sababu hiyo mdeki hutiwa alama inayoonyesha mahali unapokomea risasi ikiwa imekaa sawasawa, na alama hiyo huangaliwa kila mara.

Kipimo hutangulia safari ya dukani. Magobore ya zamani hayafuati kipimo kimoja, na mawili yanayofanana kwa nje yanaweza kutofautiana tundu, kwa hiyo mtutu upimwe na fundi wa silaha aliyeidhinishwa, ambaye pia atasema kama bado unafaa kupigwa au umekwisha kuliwa na kutu. Kwa mfano, mtutu wenye mifereji wa milimita 12.7 kwa kawaida hulishwa risasi ya milimita 12.45, na nafasi inayobaki kila upande ni takriban milimita 0.12 tu. Hata hivyo, kiraka kinachofaa hapo huwa na unene wa milimita 0.38 hivi, kwa sababu kitambaa hubanwa, risasi nayo ni laini na hukubali kubonyea kidogo, na mifereji humeza sehemu ya unene huo. Vitambaa vinavyotumika kwa mitutu ya aina hii huwa kati ya milimita 0.25 na 0.50. Asiye na kifaa cha kupimia vitu vyembamba namna hiyo akunje kitambaa tabaka kumi, akibane kwa nguvu kwenye kalipa ya kawaida ya kupimia unene, kisha agawanye kwa kumi. Kitambaa kisichobanwa hudanganya, maana hewa iliyo kati ya nyuzi huhesabiwa kama unene. Haya yote ni kwa risasi ya madini ya risasi. Goroli la chuma halibonyei, na halifai kuingizwa kwenye mtutu hata likizungushiwa kitambaa kizuri namna gani.

Dukani, swali la kwanza ni uzi. Kiraka kiwe cha pamba tupu au kitani, kwa kuwa poliesta na nailoni huyeyuka kwa moto wa baruti na kuacha utando unaoganda ndani ya mtutu. Ukimwuliza fundi cherehani barazani, “Fundi, hii ni pamba tupu?” atakujibu, “Pamba hiyo, mjomba,” na huenda yeye mwenyewe aliambiwa hivyo na muuzaji wa jumla. Chomoa uzi mmoja wa mtande, yaani wa urefu, na mwingine wa mshindio, yaani wa upana, kwa sababu kuna vitambaa vyenye pamba upande mmoja na poliesta upande mwingine, kisha uchome kila mmoja peke yake. Uzi wa pamba huwaka kwa mwali wa njano, hunuka kama karatasi inayoungua, na huacha jivu la kijivu linalosagika kidoleni. Uzi wa poliesta hujikunja kukimbia moto, hutoa moshi mweusi, na mwishoni huacha kidonge kigumu ambacho ukikibana kati ya kucha hakivunjiki. Kidonge hicho kikionekana hata kwa uzi mmoja, kitambaa hicho kirudishwe rafuni, bei yake iwe nafuu kiasi gani.

Kati ya vitambaa vinavyopatikana Mtwara na Lindi, ningeanza na marekani, ile pamba nzito isiyopaushwa ambayo katika karne ya 19 ililetwa kutoka viwanda vya Massachusetts hadi Unguja na kusambaa pwani yote na bara. Ufumaji wake ni wa kawaida na imara, na nyuzi zake hazijadhoofishwa na dawa za kupausha. Kinachoshindana nayo ni kitambaa cha michirizi cha kushonea magodoro na mito ya sufi, ambacho hufumwa kwa kubana sana ili sufi isipenye. Huko Marekani wapigaji wa bunduki za kushindilia wamekitegemea kwa muda mrefu, na sababu ni huko kubana. Drili nayo inafaa, ila ile ya sare za shule siku hizi mara nyingi imechanganywa na poliesta. Jinzi nyingi ni nene kupita kiasi, na zile zinazovutika zina mpira ndani yake. Turubai kuukuu liachwe, kwa sababu dawa ya kuzuia maji iliyotiwa humo haijulikani itafanya nini ikiungua.

Kanga iliyochakaa ndiyo inayotumiwa zaidi, na ndiyo ninayoipinga zaidi. Ni nyembamba, imefuliwa na kuanikwa juani miaka mingi hadi nyuzi zimelegea, na moto huitoboa kabla risasi haijatoka mdomoni mwa mtutu. Wapo wanaoikunja mara mbili ili kuongeza unene, lakini tabaka mbili huteleza moja juu ya nyingine wakati wa kushindilia, na risasi huishia kukaa upande.

Kitambaa kipya kifuliwe kwa maji ya moto kabla ya kupimwa, kwa kuwa wanga uliotiwa kiwandani hukifanya kionekane kinene na kigumu kuliko kilivyo. Kikishakauka kipimwe tena, ndipo kikatwe. Kiraka cha mviringo au cha mraba vyote hufanya kazi, mradi kiwe kipana cha kutosha kufunika zaidi ya nusu ya risasi pande zote kwa usawa.

Mafuta ya kulainishia yanahitaji uangalifu wa pekee katika joto la pwani. Nta ya nyuki ikichanganywa na mafuta ya nazi hutoa kilainishi kizuri, na vyote viwili vinapatikana huku kusini bila shida. Hata hivyo, mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 hivi, joto ambalo Lindi huwa limepitwa asubuhi mapema, ilhali nta huyeyuka karibu na nyuzi 63. Kwa hiyo mchanganyiko unaofaa mahali pa baridi utachuruzika hapa, na nta inafaa kuongezwa mpaka kiraka kibaki na unyevunyevu bila kuacha tone kidoleni. Mafuta yakizidi huingia kwenye baruti na kuiharibu, na gobore hukataa kulia. Mafuta ya ufuta yanafaa kwa matumizi ya siku hiyohiyo, lakini kiraka kilicholowekwa humo na kuwekwa muda mrefu huanza kunata. Oili ya injini isitumike kabisa, maana ikiungua pamoja na baruti nyeusi huacha uchafu mzito kama lami. Siagi yenye chumvi nayo huleta kutu. Kuhusu baruti yenyewe nitasema kwa ufupi: iwe nyeusi, na isiwe ile ya risasi za kisasa, ambayo mtutu wa gobore haukuumbwa kuibeba.

Baada ya hapo hufuata majaribio katika uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, na hapa ndipo kitambaa kinapojieleza. Kiraka kilichopigwa huanguka mita chache mbele ya mdomo wa mtutu. Mpigaji asubiri silaha iwe salama, kisha akakiokote, na asikitupe kabla ya kukisoma. Kilicho kizuri hubaki kizima, kikiwa na doa jeusi katikati mahali risasi ilipokaa, alama za mifereji zikiwa zimezunguka doa hilo kama mtutu unayo, na kingo zilizochakaa kidogo. Tundu lililoungua katikati maana yake kitambaa ni chembamba, au mafuta hayatoshi. Michirizi ya moto inayotoka katikati kwenda kando huonyesha kwamba gesi ilipenya, hivyo kiraka kinapaswa kuwa kinene zaidi au risasi iwe kubwa zaidi. Kiraka kilichokatwa kwa mistari iliyonyooka hutuhumu chuma: mdomo wa mtutu una ukingo mkali, au matuta ya mifereji mipya bado yana makali, na hilo humrudisha mtu kwa fundi, si dukani. Iwapo mdeki unahitaji kupigwa ili ushuke, kiraka ni kinene mno, hata kama shabaha ilikuwa nzuri. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, ama kitambaa, ama mafuta, ama risasi. Anayebadilisha yote kwa pamoja hatajua lipi lililomsaidia.

Viraka hivyo huanguka vikiwa bado na cheche. Kuanzia katikati ya kiangazi, wakati majani makavu ya mikorosho yamejaa chini na upepo unavuma, kiraka kimoja kinachofuka kinaweza kuteketeza shamba la jirani, kwa hiyo mahali pa kupigia pafyekwe, na ndoo ya maji iwe karibu. Mwenye shamba la mikorosho pale Newala au Tandahimba hatajali kama shabaha ilikuwa nzuri.

Kitambaa kikishafaulu, nunua cha kutosha kutoka jora lilelile, kwani jora lijalo, hata likiwa na jina na rangi ileile, linaweza kuwa na unene mwingine. Kata viraka, vitie mafuta, vihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko mbali na baruti, na ndani ya kopo weka kipande kikavu kisicho na mafuta chenye maandishi ya unene wake na kipimo cha risasi iliyotumika, ili kiwe sampuli ya kupeleka dukani kopo likiisha.