Dhoruba kubwa ya theluji: jinsi ya kuifurahia nyumbani pamoja na majirani

Raha ya dhoruba huandaliwa siku moja kabla. Utabiri ukitaja sentimita 30 au zaidi pamoja na upepo, jiandae kana kwamba njia zitafungwa na umeme utakatika. Weka maji lita 4 kwa kila mtu kwa siku, yatoshe siku tatu. Chaji simu na tochi. Koleo liingize ndani, maana likiachwa uani litafukiwa kabla hujalihitaji. Jaza friza: iliyojaa na kufungwa huhifadhi baridi kama saa 48 bila umeme, iliyojaa nusu huhifadhi kwa saa 24, lakini friji ya kawaida ni saa 4 tu. Usitoe nyama nje ukidhani theluji ni friza. Jua likitoka huyeyuka, na wanyama nao wana pua. Gandisha chupa za maji nje, kisha uzipange ndani ya friji.

Halafu wapigie hodi majirani. Nani anaishi peke yake? Nani anategemea mashine ya umeme kwa afya yake? Nani ana ugonjwa wa moyo na hapaswi kushika koleo? Kubalianeni nyumba moja ya kukutana umeme ukikatika. Bora ile yenye jiko la kuni na bomba la moshi lililosafishwa. Kila mmoja aje na blanketi lake na chochote kilichokwisha kupikwa.

Kwenye moto hakuna mzaha. Jiko la mkaa haliingii ndani wala gereji, hata mlango ukiwa wazi. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka milango na madirisha. Gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu; watu wawili watatu wakianza kuumwa kichwa na kizunguzungu kwa pamoja, wote watoke nje mara moja, ndipo mpige simu kuomba msaada. Kagua pia tundu la nje la hita, kwa kuwa theluji inayosukumwa na upepo huliziba, na ufukue ekzosi kabla ya kuwasha gari.

Kufukua ndiko watu wengi huumia. Usingoje dhoruba iishe. Upepo ukitulia kidogo, toka ufukue kila theluji inapofika sentimita 10 au 15. Theluji kavu iliyoanguka sasa hivi ina kilo 50 hadi 100 kwa mita moja ya ujazo, lakini iliyolowa na kushindiliwa hupita kilo 300. Kwa hiyo sukuma badala ya kunyanyua. Ikibidi kunyanyua, chota nusu koleo, kunja magoti, geuza mwili mzima, wala usirushe nyuma ya bega. Theluji ikinata kwenye koleo, lisugue kwa nta ya mshumaa. Anzeni na njia ya mlango hadi mlango, gari baadaye. Kwanza litakwenda wapi? Baridi ikishuka chini ya nyuzi 10 chini ya sifuri, chumvi ya kawaida huyeyusha kidogo sana. Mwagia mchanga.

Sasa michezo. Finya theluji mkononi: ikishikamana, inafaa kwa sanamu, ikimwagika kama unga ni kavu mno, subirini joto likaribie sifuri. Watoto wasichimbe mahandaki kwenye marundo ya kando ya barabara. Hubomoka bila dalili, na dereva wa gari la kusukuma theluji hawezi kumwona aliye ndani.

Kwa jioni, tengenezeni taa za barafu. Jaza ndoo ya plastiki maji, acha sentimita 3 juu, iweke nje juu ya theluji. Maji hugandia pembeni na juu kwanza. Chini huchelewa kwa sababu theluji huzuia baridi kupenya. Kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, usiku mmoja kwa kawaida hutosha. Mwagia ndoo maji ya uvuguvugu kwa nje (ya moto hupasua barafu), ipindue, toa kipande, toboa upande uliokuwa chini na umwage maji yaliyobaki. Hapo unapata shimo la kuwekea mshumaa. Ukichelewa, yote huganda na ndoo yaweza kupasuka.

Vaeni tabaka tatu, na ya ndani isiwe pamba, kwani pamba ikilowa hukaa na maji. Glavu zinazoweka vidole vinne pamoja hupasha joto kuliko za kidole kimoja kimoja. Ngozi ikipauka na kufa ganzi, ingia ndani. Usiisugue, itie kwenye maji ya vuguvugu, si ya moto. Na kabla ya kulala, toa soli za ndani za viatu na uzianike mbali kidogo na jiko. Zikibaki ndani ya kiatu, asubuhi bado ni mbichi.