Namna ya Kusoma Usanifu wa Ndani Chuo Kikuu Ukitokea Unguja au Pemba

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, hunijia vijana wawili watatu kuniuliza kuhusu fani ya usanifu wa ndani ya majengo, na karibu wote huanza kwa kunionyesha picha walizohifadhi kwenye simu: sebule nyeupe, taa zilizofichwa darini, makochi ya kijivu. Picha hizo hazina ubaya, lakini huwaomba waziweke pembeni kwanza na wachukue futi, kwa sababu fani hii husomwa kwa vipimo kabla ya kusomwa kwa rangi. Mwongozo huu ni kwa kijana wa visiwani ambaye bado yuko skuli, au amemaliza na anasubiri kuomba chuo, na vilevile kwa mzazi anayetaka kujua mwanawe anakwenda kujifunza nini.

Kuomba nafasi

Kwa upande wa Tanzania, chuo ambacho wengi wetu hukifikiria kwanza ni Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam, ambacho kinatoa shahada ya usanifu wa ndani na kimepakana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kigezo cha jumla cha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, kwa aliyemaliza kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili ya msingi yenye jumla ya alama zisizopungua 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Aliyepitia stashahada huhitaji wastani usiopungua 3.0. Juu ya hayo, kila programu ina masharti yake kuhusu masomo inayoyataka, kwa hiyo usitegemee maneno ya rafiki aliyeomba miaka mitatu iliyopita. Pakua mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka wako na usome mstari wa programu yenyewe. Maombi hupelekwa chuoni moja kwa moja, na ukichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja utatakiwa kuthibitisha kimoja tu ndani ya muda uliotangazwa. Wapo waliopoteza nafasi nzuri kwa kuchelewa kufanya hivyo.

Kuhusu fedha, Mzanzibari ana Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, na ni vyema kuanza kukusanya vyeti na vielelezo mapema, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Katika hesabu zako usiweke ada na malazi peke yake. Mwanafunzi wa fani hii hununua karatasi, gundi, kadi ngumu za kutengenezea modeli na kulipia uchapaji wa michoro mikubwa, tena si mara moja bali kila kazi inapowasilishwa.

Pima chumba kimoja cha nyumba yenu

Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko jengine lolote, na ninamwomba kila anayenijia alifanye kabla hajapanda boti kwenda Dar es Salaam. Chagua chumba kimoja nyumbani kwenu. Tafuta futi ya mita 5, penseli, raba na daftari la miraba. Pima kila ukuta kwa urefu wake, kisha pima mistari miwili ya pembe kwa pembe, kwa maana vyumba vingi vya zamani havina pembe za mraba kamili, na mistari hiyo miwili ndiyo itakayokuonyesha chumba kimepinda wapi. Pima upana wa mlango na uandike unafungukia upande gani. Pima dirisha: upana wake, kimo chake, na umbali kutoka sakafuni hadi kizingiti chake cha chini. Weka alama penye swichi na soketi. Baada ya hapo chora chumba hicho kwa skeli ya 1:50, yaani sentimita 1 ya karatasi isimame badala ya sentimita 50 za kweli, ili ukuta wa mita 4 uwe mstari wa sentimita 8. Ukishakuwa na ramani hiyo, ingiza samani zote zilizomo kwa vipimo vyake.

Sasa inakuja kazi ambayo futi peke yake haiiwezi. Kaa katika nyumba hiyo kutwa nzima, tangu alfajiri hadi usiku, uandike nani anakaa wapi, saa ngapi, na kwa kazi gani. Utaandika kwamba mchana hakuna anayekaa kwenye makochi kwa sababu upepo haufiki pale, na kwamba watu wote wamehamia kwenye mkeka karibu na mlango wa uani. Utaandika kwamba mgeni wa kiume akibisha hodi, kuna mtu wa ndani anayelazimika kuinuka na kuondoka, kwa kuwa sebule imejengwa ikitazamana moja kwa moja na njia ya jikoni. Utaandika pia mahali panapotandikwa msala. Kwetu Unguja na Pemba kibla kiko karibu kabisa na kaskazini, na mwelekeo huo huamua mengi: chumba kinamezwaje na mkeka wakati wa sala, na choo kielekezwe wapi, maana mwenye nyumba wa hapa hatakubali kukaa chooni akiwa ameelekea au amekipa mgongo kibla.

Nitatoa mfano mmoja wa karibu. Vitabu vya vipimo utakavyokutana navyo chuoni vitakwambia meza ya jikoni iwe na kimo cha sentimita 85 hadi 90, na ni kweli kwa mtu anayekatakata akiwa amesimama. Siku moja nilimpima mama yangu mzazi akikuna nazi. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi, goti moja limekunjwa na mguu mwengine umenyooshwa, sinia mbele yake, kikapu cha vifuu mkono wa kushoto. Kutoka ukutani nyuma ya mgongo wake hadi mwisho wa sinia nilipata mita 1 na sentimita 40, na mikono yake ilifanya kazi kwenye kimo kisichozidi sentimita 30 kutoka sakafuni. Jiko alilojengewa lilikuwa na makabati pande mbili na njia ya sentimita 90 katikati. Haikuwa ajabu kwamba alikuwa akikunia nazi ukumbini na kila siku akilazimika kufagia mara mbili. Hakuna kitabu kitakachokupa kipimo hicho, na mwalimu wako huenda asikijue. Ni wewe utakayekipeleka darasani.

Maisha ya studio

Sehemu kubwa ya masomo haifanyiki kwa mhadhara bali katika studio, ambamo unapewa kazi, unachora, unaonyesha, unakosolewa, unachora upya. Mwisho wa kazi unasimama mbele ya jopo la walimu, michoro yako ikiwa imebandikwa ukutani, na unaeleza kwa nini umeamua ulivyoamua. Kwa waliozoea mtihani wa kuandika, jambo hili hutisha. Jizoeze mapema kueleza sababu kwa kila mstari, na usichukulie ukosoaji wa mchoro kuwa ni ukosoaji wa nafsi yako.

Mimi nilijifunza hili katika kazi yangu ya kwanza kubwa, iliyohusu nyumba ya ghorofa ya Mji Mkongwe wa Unguja. Nilibuni chumba cha kupumzikia ghorofa ya pili na kukiwekea kochi moja refu la mita 2 na sentimita 40 lisilofunguka vipande, nikalichora kwa uangalifu mkubwa hadi mikunjo ya kitambaa. Mwalimu mmoja alilitazama muda mrefu, kisha akaniuliza swali moja tu: litapandaje? Ngazi ya nyumba ile, ambayo niliipima mwenyewe, ilikuwa na upana wa sentimita 75 na ilikata kona mara mbili. Kochi lisingepita. Nilirudi nyumbani likizo nikakitazama kwa macho mapya kitanda cha samadari cha bibi, ambacho nilikiona maisha yangu yote bila kujiuliza chochote: miguu, nguzo, mbavu na ubao wa kichwani, vyote vinafunguka na kubebwa kipande kimoja kimoja. Mafundi waliokitengeneza walizijua ngazi za nyumba zetu. Tangu hapo kila samani ninayoibuni huichorea kwanza njia ya kuingilia.

Mji Mkongwe ni darasa lako

Mwanafunzi anayetoka visiwani ana bahati ambayo wenzake wengi hawana. Mji Mkongwe uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na karibu kila kanuni utakayofundishwa unaweza kuigusa kwa mkono huko. Ukijiuliza kwa nini vyumba vya nyumba za zamani ni virefu na vyembamba, tazama juu: dari zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo kwa kawaida hufaa kwa upana wa mita 2 na nusu hadi 3. Mti ndio uliopima chumba. Ukijiuliza kwa nini kuta ni nene kiasi cha nusu mita na zaidi, ni kwa sababu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na unene huo huchelewesha joto la mchana kufika ndani.

Chokaa inastahili uisome kwa kina, kwa kuwa ndipo wasanifu wengi wa ndani wanapokosea hapa kwetu. Jiwe la tumbawe lina vitundu, nalo hufyonza unyevu kutoka ardhini. Lipu ya chokaa huuacha unyevu huo utoke polepole kama mvuke. Ukuta huo huo ukipigwa lipu ya saruji na kupakwa rangi ya mafuta, unyevu hufungiwa ndani, na unapotafuta njia ya kutokea hubeba chumvi hadi karibu na uso wa ukuta. Niliwahi kuitwa na mwenye nyumba ambaye chumba chake cha wageni kilikuwa kimepakwa rangi mara tatu katika miaka miwili. Nilipopitisha kiganja ukutani kilijaa unga mweupe, na rangi ilikuwa imevimba kama ngozi iliyoungua. Nilipogonga kwa ukucha, kipande cha lipu chenye ukubwa wa sahani kilianguka. Tatizo halikuwa rangi, na hakuna rangi ambayo ingelitatua. Tulibandua saruji yote, tukaacha ukuta upumue kwa miezi kadhaa, kisha fundi akapiga lipu ya chokaa.

Ujue pia mpaka wa kazi yako. Msanifu wa ndani haondoi ukuta kabla mhandisi hajasema kama umebeba mzigo au la, na ndani ya Mji Mkongwe huanzi ukarabati bila kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Sote tunakumbuka tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu la mwaka 1883, ilipoporomoka likiwa katika ukarabati na watu 2 wakapoteza maisha. Jengo la zamani lazima liogopwe kwa adabu.

Lakini usibaki Mji Mkongwe tu. Nenda Michenzani, katika majumba marefu ya ghorofa yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, uangalie jinsi familia zilivyobadilisha roshani kuwa jiko, stoo au chumba cha kuanikia nguo. Nenda nyumba za udongo na makuti za shamba Pemba. Wateja wako wengi watatoka huko, si hotelini.

Kompyuta

Utahitaji AutoCAD kwa michoro ya vipimo na SketchUp au programu inayofanana nayo kwa picha za pande tatu; baadaye Revit, ya kutengenezea modeli ya jengo zima. Kampuni ya Autodesk huwapa wanafunzi matumizi ya bure ya programu zake za elimu, kwa hiyo huna sababu ya kutumia nakala za wizi. Ukiweza, nunua kompyuta yenye kumbukumbu ya kufanyia kazi (RAM) ya GB 16. Kuchora kwa mkono usikuache, kwa sababu utakuwa unaongea na fundi juu ya kipande cha ubao, wala si mbele ya skrini.

Mafunzo kwa vitendo

Chuoni utafundishwa kwa Kiingereza, na utarudi kufanya kazi na mafundi wanaosema boriti, kenchi, fremu, lipu, niru, zege na terazo. Fungua daftari la maneno tangu mwaka wa kwanza, upande mmoja neno la kitabu, upande wa pili neno la fundi. Likizo nzima moja ikae kwenye karakana ya seremala: jifunze kutofautisha msaji, mninga na mfenesi kwa uzito na harufu, ujue ubao upi hushambuliwa na mchwa na upi huvimba wakati wa masika hadi mlango ukagoma kufunga. Mwite fundi kwa heshima yake, uliza, na ushike randa mwenyewe.

Katika kila nyumba utakayoshiriki kuitengeneza, piga picha kabla ya kazi na baada yake, kwa idhini ya mwenyewe, na hifadhi michoro yake. Huo ndio utakuwa mkusanyiko wa kazi zako unapotafuta ajira. Omba pia ruhusa ya kurudi masika yakishapita. Gusa kuta, fungua na ufunge kila mlango, muulize mama wa nyumba anakaa wapi mchana, kisha uandike majibu pamoja na tarehe kwenye daftari lile lile.