Niko Sura ya Nne: Namna ya Kuwaambia Wenzako Unasoma Nini

Mara ya kwanza kuulizwa kwenye kikundi chetu cha kusoma vitabu, "Dada, unasoma nini siku hizi?" nilijibu kwa dakika 40. Kitabu nilikuwa nimekimaliza usiku wa kuamkia siku hiyo, kimenijaa hadi kooni, basi nikawachukua wenzangu kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho: nani kamwoa nani, nani kafa, nani karudi. Niliponyamaza kahawa imepoa, kashata zimeisha, na mzee mmoja aliyefanya kazi bandarini maisha yake yote akanishukuru kwa adabu kabisa: "Ahsante mwanangu. Umeniokolea hela ya kitabu."

Alikuwa amepanga kukinunua wiki ile.

Tuko saba. Tunakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa 10 jioni, uani kwa mama mmoja muuza vitenge pale Magomeni, Dar es Salaam, si mbali na Mapipa. Mimi ni karani wa mauzo katika duka la vifaa vya ujenzi eneo la Gerezani. Wengine ni huyo mzee wa bandari, mwalimu mstaafu, msusi, fundi friji, kijana wa bodaboda, na mama mwenyewe mwenye uwanja. Hakuna anayesomea mtihani. Tunasoma kwa kupenda tu, kama wengine wanavyopenda bao au kufuga njiwa. Kama nanyi mna kikundi, au mnataka kuanzisha, haya ndiyo niliyojifunza, mengi kwa kukosea.

Kubwa kuliko yote ni hili: sema ukiwa bado unasoma. Usingoje umalize. Aliyemaliza kitabu anakuja na hukumu mkononi, kizuri au kibaya, na hukumu watu huitikia tu "haya" wakanywa kahawa. Aliye katikati anakuja na dukuduku. Hajui yule mtoto atarudi au la, anamshuku shemeji, anakisia, na makisio yanabishanika.

Nitoe mfano. Fundi friji alikuwa akisoma Kuli ya Adam Shafi, riwaya ya 1979 inayohusu makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948. Alikuwa kama nusu hivi. Akasema, kwa kukereka kweli, "Hawa jamaa siwaelewi. Kazi inawatesa namna hii, si waiache watafute nyingine?" Mzee wa bandari akaweka kikombe chini. Akatuambia marehemu baba yake alikuwa kuli hapahapa Dar, na alikuwamo kwenye mgomo wa 1947, mwaka mmoja kabla ya wale wa Unguja. Kwamba ulianzia bandarini ukafuata reli kwenda bara. Akatuonyesha kwa mikono gunia linavyokaa mgongoni na kwa nini mtu huinama kwa magoti, si kwa kiuno. Akaeleza kazi nyingine ilivyokuwa ikitafutwa zamani hizo na nani aliipata. Muda wa magharibi ukatukuta palepale. Sasa fikiria fundi angekuwa amekimaliza: jibu la swali lake angekuwa analo kutoka kitabuni, asingeuliza, na mzee angebaki kimya na kikombe chake.

Kwa hiyo ukianza, taja kitabu, mwandishi, na umekipataje. Hili la tatu watu hulidharau, na ndilo linalofungua mdomo wa mtu mwenye haya. Kitabu ulichokitoa Maktaba Kuu, Mtaa wa Bibi Titi, kina siku ya kurudishwa, kwa hiyo unakisoma kwa mwendo mwingine. Kile ulichookota kwenye vitabu vya mitumba pale Posta kina jina la mtu ukurasa wa mbele na labda hesabu za vitunguu ukurasa wa nyuma. Msusi wetu ana kimoja kilichoandikwa "kwa mke wangu mpenzi", na kila mwezi tunamuuliza kama amegundua huyo mke alikiuza kwa nini.

Halafu sema uko wapi. Taja sura, siyo ukurasa. Riwaya zetu nyingi zimechapwa tena na tena, herufi kubwa mara ndogo, na ukurasa wa 60 wa nakala ya mwalimu si ukurasa wa 60 wa nakala uliyonunua juzi. Tulipoteza jioni moja nzima tukibishana kuhusu mazungumzo ambayo mmoja wetu alikuwa hajayafikia, kisa namba za kurasa. Siku hizi mtu akianza husema, "Niko sura ya nne," na hapo hapo mpaka umewekwa. Hakuna ruhusa kwa mtu yeyote, awe amesoma au hajasoma, kuuvuka.

Riwaya za upelelezi zina taabu yake. Msusi alikuwa na Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ile ya 1960 yenye mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Kijana wa bodaboda, ambaye alishaisoma, akaachia nusu sentensi: "Ila wewe dada usimwamini sana yule..." Akachapwa na upindo wa khanga kabla hajamalizia, lakini neno likishatoka limetoka. Tangu siku ile tuna utaratibu. Anayesoma kitabu cha upelelezi anatueleza mpelelezi, mahali na watu waliokuwepo, basi. Kila mmoja anaandika kwenye kipande cha karatasi anamshuku nani, karatasi zinakunjwa na kutiwa kwenye kopo tupu la majani ya chai, na kopo linafunguliwa mwenyewe akishamaliza kusoma. Mama wa vitenge hajawahi kukosea hata mara moja. Anasema biashara ya nguo inafundisha kusoma nyuso, ila mimi naamini anachungulia sura za mwisho dukani.

Na yule aliyekwisha kukisoma kitabu afanye nini? Kwetu huyo ni mwalimu karibu kila mara, na zamani alikuwa akitukata moto: "Aaa, hicho nilishakisoma kitambo." Mtu anayejikongoja na sura ya tatu akisikia hivyo anajiona mtoto wa chekechea. Tukampangia kazi yake mwalimu, kwa heshima zote, maana ni mkubwa wetu: ukiwa umekisoma zamani, usituambie kinachotokea ndani, tuambie ulikuwa wapi ulipokisoma. Nilipoleta Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka 1971 na kwa muda ikapigwa marufuku mashuleni, mwalimu akacheka peke yake kwanza. Kisha akasimulia nakala moja ilivyokuwa ikizunguka bweni lao ikiwa imefunikwa gazeti, kila mvulana anapewa usiku mmoja, na yeye zamu yake ikaangukia siku umeme umekatika. Kilichomo kitabuni hakukigusa. Nilirudi nyumbani nikakisoma kwa pupa kama vile kesho yake ni zamu ya mwingine.

Ukishasema uko wapi, tusomee kidogo. Aya moja, mbili zikiwa fupi. Chagua aya usiku uliotangulia, uisome kwa sauti ukiwa peke yako, maana aya iliyo tamu kichwani inaweza kukukwamisha ulimi. Mimi husomea kwenye basi la mwendokasi, Kimara Mwisho hadi Gerezani: nikipata kiti nasoma sura, nikisimama nasoma mgongo wa mtu. Masika yakizidi na maji yakijaa Jangwani mabasi hayapiti, na vitabu viwili vya maisha yangu nimevimalizia nikiwa nimekwama njiani. Nikikuta mahali pazuri naweka risiti ya dukani kama alama, naandika nyuma yake neno moja la kunikumbusha kwa nini. Usipoandika, Jumamosi utakuwa na risiti sita na hujui ipi ni ipi.

Mashairi yanataka uangalifu zaidi. Shairi la kawaida lina mizani, yaani silabi, 16 kila mstari, zimegawanyika 8 kwa 8, na katikati pale kuna kina, ile silabi inayofanana mstari hadi mstari. Pumua kwenye kina cha kati. Watu wengi husoma shairi kama taarifa ya habari, wanapita katikati mbio, na vina vinazama bila msikilizaji kuvisikia. Utenzi una mizani 8 tu, mistari minne kila ubeti, mitatu ya kwanza ikiitikiana na wa nne ukibeba kina kinachorudi ubeti hadi ubeti. Huo usikatekate, uache utembee. Kama unaweza kughani, yaani kusoma kwa mahadhi, ghani. Fundi friji ana sauti ya kukwaruza kama mashine mbovu, lakini akighani Shaaban Robert hata watoto wa jirani wananyamaza ukutani.

Kitabu cha Kiingereza pia kinakaribishwa, ila tueleze kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza tusomee sentensi moja tu tuonje ladha yake. Mama wa vitenge aliishia darasa la saba. Mwaka 2021 alisikia redioni kwamba Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, amepata tuzo ya Nobel ya fasihi, akatuuliza swali ambalo sote lilitutia aibu: "Mtu wa kwetu, mbona mimi siwezi kumsoma?" Riwaya ya Gurnah, Paradise, ilikuwa imetoka 1994. Tafsiri yake, Peponi, ya Ida Hadjivayanis, ikachapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, na mama wa vitenge ndiye aliyekuwa wa kwanza kikundini kuwa nayo. Mwalimu aliisoma ya Kiingereza sambamba naye, sura kwa sura, na miezi mitatu mfululizo wale wawili walikuwa na mabishano yao pembeni. Mkiweza kupata jozi ya namna hiyo, waacheni waongee hata muda ukizidi.

Muda, ndiyo. Kila mtu kwetu ana muda wa vikombe viwili vya kahawa, vile vidogo. Vikiisha, anayeshika birika hamwongezi. Tulijaribu kutumia saa ya simu, ikawa kama tuko kwenye mtihani.

Kama kitabu kinakuchosha, sema hivyo hivyo, na useme kimekuchosha wapi. "Nimeshindwa sura ya pili kwa sababu kila mtu anahutubia" ni taarifa nzuri kuliko sifa kumi za uongo. Mara nyingi kuna mwenzako atakayekichukua hapohapo ili akuonyeshe umekosea.

Hapo ndipo kuazimana kunapoingia, na wahenga walishasema kukopa harusi, kulipa matanga. Tuna daftari la kurasa 96: kitabu, mwenye nacho, aliyechukua, tarehe. Jina la mwenyewe liandikwe kwa kalamu ya wino ndani, siyo juu ya jalada, maana majalada hutoka. Anayechelewesha miezi miwili analeta kashata za wote. Kupiga picha kitabu kizima na kurushiana kwenye simu hatufanyi. Mwandishi wa Kiswahili anakula nini jamani, na nakala zenyewe huuzwa kwa mafungu?

Siku nyingine utakuwa hujasoma chochote. Usiache kuja. Mwaka jana kijana wa bodaboda alikuja na mikono mitupu, pikipiki ilimsumbua mwezi mzima, akasema alichosoma ni karatasi ya karanga tu. Tukadhani anatania. Akaitoa mfukoni, imelowa mafuta, ukurasa mmoja wa kitabu cha zamani uliochanwa kufungia karanga, hauna jina la kitabu wala la mwandishi. Akatusomea. Mwanamke yuko kivukoni na kikapu cha mayai, pantoni inaondoka bila yeye, anamwona mwanamume aliyemdhania amekufa amesimama upande ule wa maji. Anainua mkono. "Akafungua kinywa ili" na karatasi ikaishia hapo.

Alitumia vikombe vyake vyote viwili, tukamwongeza cha tatu. Mzee wa bandari anashikilia kwamba ni pantoni ya Kigamboni, kwa jinsi ngazi zilivyoelezwa. Mwalimu anasema lugha ni ya miaka ya sabini. Kijana alirudi kwa muuza karanga kesho yake, akakuta rundo limeshakwisha. Mimi kila nikipita Posta mchana huwa nainama kwenye vitabu vya mitumba, nafungua katikati, natafuta mayai.