Kabla ya kulipia jiwe la kaunta, lijaribu kwa ndimu na manjano

Ukikarabati jiko, muombe fundi kipande kilichobaki kwenye bamba lile lile unalotaka kununua, nenda nacho nyumbani. Kilaze jikoni, kamulia ndimu upande mmoja, upande wa pili paka mafuta ya kula yenye manjano. Asubuhi kifute, kisha inama ukitazame kwa ubavu kuelekea mwanga wa dirisha. Penye ndimu pakiwa pamefifia na kupoteza mng'ao, hilo ni marumaru au jiwe jingine lenye chokaa, hata kama umeuziwa kwa jina la graniti. Asidi hula chokaa, na alama hiyo haitoki kwa sabuni. Graniti ya kweli haiguswi. Doa la manjano likigoma kutoka, jiwe linanyonya. Litahitaji dawa ya kuziba vitundu, tena ya kurudiwa mara kwa mara.

Rangi nayo ihukumu usiku, kipande kikiwa kimelala chini ya taa zako mwenyewe. Taa ya njano hugeuza kijivu kikaelekea kahawia, jambo ambalo dukani huwezi kuliona.

Jaribio hudanganya mahali pawili. Kipande kilichokwishapakwa dawa kitaficha doa la manjano, kwa hiyo anza kwa tone la maji: likisimama bila kunywea, uliza kama kimeshapakwa dawa. Na kwatzi ya kiwandani, yaani jiwe la kutengenezwa kwa kwatzi iliyosagwa, hufaulu jaribio la ndimu vizuri kabisa, lakini imeshikwa kwa resini, aina ya gundi ya plastiki. Sufuria iliyotoka motoni yaweza kuiunguza.