Kabla hujajiandikisha kilomita 42 za Kilimanjaro: mambo ya kuzingatia kwa mkimbiaji wa kawaida

Tangu Alphonce Simbu achukue dhahabu ya dunia kule Tokyo Septemba 2025, tena kwa tofauti ya sekunde 0.03 baada ya kilomita zote 42, watu wengi wamepata mzuka wa marathoni na mimi nafurahi sana. Ila mzuka unaisha mapema kuliko kilomita. Naandika kwa ajili ya sisi wa kawaida, wa ofisini, wa dukani, mama mwenye watoto wa kuwaandaa shule, ambaye anataka kwenda Moshi, akimbie ful marathoni kwa saa nne na nusu au tano hivi, amalize akiwa mzima.

Cha kwanza ni kalenda, kabla hata ya raba. Mbio za Kilimanjaro huwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na mtu ambaye tayari anakimbia kilomita 10 bila kusimama anahitaji kama wiki 16 mpaka 18 za maandalizi, kwa hiyo ukihesabu kurudi nyuma unajikuta inabidi uanze mwishoni mwa Oktoba. Kama kilomita 5 bado zinakutesa, mwaka huu kimbia zile 21, yaani nusu marathoni, na hizo nazo ni mbio kamili zenye heshima yake. Sasa angalia katikati ya hizo wiki kuna nini. Krismasi na mwaka mpya! Hapo ndo programu za watu wengi zinapofia. Wale mnaopanda kwenda Uchagani Desemba mna bahati ambayo wa Dar tunaitamani, beba raba, amka ukimbie vilima vya nyumbani kabla ndafu haijafika mezani. Na kwa Waislamu, Ramadhani miaka hii inaangukia msimu huo huo, ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, kwa hiyo amua mapema, maana kilomita 42 juani bila tone la maji ni hatari kweli, bora utafute mbio za mwezi mwingine.

Pili, kapime afya, presha, sukari, na moyo kama kwenye ukoo kuna aliyefariki ghafla au wewe mwenyewe umeshawahi kusikia kifua kinabana ukikimbia. Hili silizungushi.

Tatu ijue njia, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo mbio zinapoamuliwa. Unaanzia uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, unashuka barabara kuu ya kuelekea Dar, unaenda unarudi, tambarare, asubuhi bado kuna ubaridi na kila mtu anajiona Simbu. Halafu unarudi mjini ukiwa umeshamaliza karibu nusu, na ndo mlima wa Mweka unaanza, kama kilomita 10 za kupanda, mita kama 300 kwenda juu, jua nalo limeshatoka, na Februari ya Moshi ni joto. Aliyekimbia tambarare kwa nguvu zote utamkuta pale kashika kiuno. Kwa hiyo mazoezi yako yawe na kilima angalau mara moja kwa wiki, wa Dar nendeni Pugu, Goba, Kimara, msiishie Coco Beach na Daraja la Tanzanite peke yake. Ukipanda, fupisha hatua, macho yawe mita chache mbele yako na sio kileleni, mikono iendelee kufanya kazi, na ukiona unahema mpaka huwezi kutamka sentensi, tembea dakika moja kisha endelea, hamna anayekukataza. Kushuka nako kunahitaji mazoezi, maana ndiko kunakoua misuli ya mapaja, na baada ya Mweka unashuka ukiwa umeshachoka.

Kuhusu mazoezi yenyewe, siku nne kwa wiki zinatosha, na moja ndo mama wa zote: mbio ndefu ya Jumapili. Anza na 12, ongeza kilomita moja au mbili kila wiki, kila wiki ya nne punguza mwili upumue, mpaka ufike 30 au 32, wiki tatu kabla ya mbio. Huna haja ya kukimbia 42 mazoezini. Na zikimbie taratibu, pesi, yaani kasi, ambayo unapiga stori na mwenzako, watu wanabisha sana hili kwa sababu kwenye klabu za jogingi kuna wale wa mbele wanaovuta, wewe waache waende. Wiki tatu za mwisho unapunguza kilomita, na hapo mtu anaingiwa na hofu anataka kuongeza. Usiongeze.

Chakula kifanyie majaribio kwenye hizo Jumapili. Wanga uliohifadhiwa mwilini huwa unakaribia kuisha kwenye kilomita 30 na kitu, ndo ule ukuta wanaousema wakimbiaji, na pale Mweka ukuta na mlima vinakutana. Lenga gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, ndizi mbivu moja ya kawaida inakupa kama 25, tende chache zinafanya kazi, jeli za wanga za wakimbiaji za dukani pia, ila chochote ambacho tumbo lako halijakijaribu kiache nyumbani. Maji kunywa kwa kiu, usijijaze, kwa sababu maji matupu mengi sana yanashusha chumvi ya damu na mtu anaweza kuzidiwa kabisa, changanya na kinywaji chenye chumvi. Na naomba sana jamani, usimeze diklofenaki wala dawa nyingine ya maumivu ya aina hiyo kabla ya kukimbia ili usisikie goti, figo zinaumia, hasa ukiwa umepungukiwa maji.

Raba mpya isiingie kwenye mbio, iwe imeshakula kilomita mia moja hivi, iwe na nafasi mbele ya vidole, maana kwenye mteremko kucha ndo zinalipa. Mafuta ya mgando kwapani na mapajani.

Mwisho usafiri. Moshi vyumba vinajaa mapema na bei inapanda, weka nafasi ukishajisajili tu, na ukitokea Dar kwa basi fika Ijumaa, sio Jumamosi jioni, miguu inavimba kwa kukaa siku nzima na namba yako huwa inachukuliwa kabla ya siku ya mbio. Soma pia muda wa mwisho wa kumaliza uliowekwa na waandaaji, uulinganishe na pesi yako: dakika 7 kwa kilomita ni kama saa 4 na dakika 55, na hapo bado hujahesabu Mweka.